Mikono ya Tusekile kwenye Bomba

Ulipita pale. Usikane. Ulipita mbele ya Makao ya Watoto ya Mvukeni, koti umelifunga hadi kidevuni, ukawaona wamepanga mstari uani, mmoja mmoja wakiweka viganja kwenye bamba la shaba lililo ukutani. Ukatabasamu. Ukajisemea, afadhali hawa wana mahali pa kupashia mikono. Kisha ukageuza uso upande wa pili, kwenye duka la mkate, maana ndiko uso wako ulikozoea kwenda. Miaka kumi na moja unatazama mkate.

Leo tazama huku kidogo. Mkate hautakimbia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na Skolastika Tweve alikuwa amepiga magoti kwenye barafu ya uwanja wa matangi. Alikuwa fundi bomba wa miaka arobaini na sita, mfupi, mabega mapana, na geji hakuziamini hata siku moja. Yeye alipima kwa spana. Hugonga tangi mara moja, akatega sikio. Tangi lililojaa chumvi ya moto, ile iliyoyeyushwa ili itunze joto, hutoa sauti fupi, nzito, kama mtu aliyeshiba akipigwa begani. Tangi tupu hulia kama debe.

Aligonga tangi namba ishirini na saba. Likalia kama debe.

Akagonga tena, maana sikio nalo huzeeka. Debe. Akavua glavu, akaweka mgongo wa mkono kwenye chuma. Baridi. Akafuta barafu kwenye kibao asome jina ambalo tayari alilijua: TUSEKILE MBILINYI. BABA: KISIMA CHA TISA.

Tusekile alikuwa na miaka saba, na wakati ule alikuwa darasani, na kikohozi chake. Kwa miezi kumi sasa alikuwa akilala nyumbani kwa Skola kama mtoto wa kambo, kwa kibali chenye mhuri. Kikohozi kilianza Jumapili. Nyumba ya Skola ilipashwa na mgao wa kawaida wa mtaa, kibomba chembamba kama kidole, na Skola alikuwa amekuja hapa na wazo moja tu: kufungua kidogo tangi la mtoto, alete joto lake nyumbani, kifua kipone. Miaka minne ya joto ilipaswa kuwa humo ndani.

Watoto wa siku hizi ukiwaambia kwamba nyanda za Kitulo ziliwahi kuwa na maua, wanakuona unawapiga fiksi. Lakini yalikuwepo. Hiyo ilikuwa kabla mataifa makubwa hayajatandaza vumbi angani ili kulipoza jua. Nchi za chini zikapata nafuu. Huku juu viazi vikagandia ardhini na maji yakawa mawe kwenye mitungi. Serikali ikaleta mitambo, ikachimba visima kufuata moto ulio chini ya miamba, na mji wa Mvukeni ukaota juu ya visima hivyo. Wachimbaji mia mbili na kumi na tisa walishuka wasipande tena. Ndipo ikatolewa ahadi, ikaandikwa, ikapigwa mihuri: kila mtoto wa aliyebaki chini atakuwa na fungu lake la joto, litiwe kwenye tangi lenye jina lake kila siku hadi atimize miaka ishirini na moja. Apashie nyumba anayolala, au aliache lijae. Mwenye tangi lililojaa Mvukeni anaweza kupanda nyanya chini ya kioo, anaweza kujenga, anaweza kuoa. Asiye nalo hulala na koti.

Skola naye alikuwa mtoto wa kisimani. Baba yake yuko chini ya kisima cha pili. Alikulia Makao, na siku alipotimiza ishirini na moja walimpa blanketi na barua. "Fungu lako limetumika kurejesha gharama za malezi yako. Tunakutakia maisha mema." Barua anayo hadi leo, kwenye kopo la kahawa, imekunjwa mara nne. Alikuwa amenunua uji wake mwenyewe, bila kujua, tangu ana miaka mitano. Alilipia kitanda. Alilipia hata viboko.

Alipiga kelele miaka kumi na nne, yeye na wenzake, kwenye ngazi za kila ofisi iliyokuwa na ngazi. Mwishowe ikapitishwa sheria: joto la mtoto lisiguswe pasipo ridhaa yake. Siku ile Skola alicheza barabarani hadi kisigino cha kiatu kikang'oka.

Basi sheria ipo. Na tangi ni debe. Alibaki amepiga magoti pale, barafu ikimpenya suruali, akijiuliza ridhaa hiyo ilitolewa na nani.

*

Kesho yake hakwenda kazini. Alimsindikiza Tusekile hadi Makao, maana watoto wa kambo nao walitakiwa kufika kila asubuhi kwa uji na masomo.

"Mama Fundi, leo utaniona nikimsalimia baba?" Tusekile aliuliza, akirukaruka madimbwi yaliyoganda.

"Nitakuona."

"Usicheke."

"Nimecheka lini?"

"Unacheka kwa pua. Nakusikia."

Uani kulikuwa na watoto mia moja na watatu. Arobaini na mmoja walikuwa wa kisimani. Sitini na wawili walikuwa yatima wa namna nyingine, wa homa, wa barabarani, wa mama aliyeondoka; hao hawakuwa na fungu lolote. Wote walipanga mstari mmoja, na bamba la shaba lilikuwa ukutani, mahali bomba kuu linapoingia bwenini.

Bamba lile Skola alilifunga kwa mikono yake, mwaka uleule wa sheria. Aliambiwa ni la kuhesabu watoto ili asisahauliwe mtu nje kwenye baridi. Lilisoma kiganja kitupu cha mkazi yeyote mwenye joto lake Mvukeni, mkubwa kwa mdogo. Na Skola, kwa furaha aliyokuwa nayo, aliongeza kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Wachimbaji na mafundi wa visima wana desturi: kabla ya zamu, mtu huweka viganja vyote viwili kwenye bomba, akawasalimia waliobaki chini. Mvuke umepita kwao, husema. Una joto la mikono yao. Skola aliwafundisha watoto desturi hiyo. Viganja viwili, vitupu, usiharakishe, msalimie mzazi wako. Alitaka wawe na pa kwenda, kwa kuwa kisimani hakuna kaburi.

Zamu ya Tusekile ikafika. Alipuliza viganja kwanza, ili asimguse baba na mikono ya baridi, kisha akaviweka.

"Shikamoo, baba. Nimekohoa lakini si sana. Jana nilipata kumi kwenye hesabu, mwalimu akasema kumi ya bahati." Akakohoa. "Haya, kuna foleni."

Kitaa kidogo cha kijani kikawaka pembeni ya bamba. Skola alikiona kitaa kile mara elfu moja huko nyuma. Leo alisogea, akasoma maandishi madogo yaliyopita chini yake, madogo kama chawa, ambayo siku anakifunga hayakuwepo.

RIDHAA IMEPOKELEWA. T. MBILINYI. FUNGU LA LEO: MAREJESHO YA MALEZI.

Nyuma ya Tusekile alifuata Bupe, rafiki yake, binti wa mama aliyekufa kwa homa ya mapafu. Aliweka viganja, kitaa hakikuwaka. "Shikamoo, baba yake Tusekile," alisema Bupe, kwa heshima zote, akaenda kunywa uji.

Skola akashika njia ya ofisi ya mkuu.

*

Erasto Chaula, mkuu wa Mamlaka ya Malezi, alikuwa amevaa shati la mikono mifupi. Ukiona mtu Mvukeni ana shati la mikono mifupi mwezi wa saba, jua umeingia ofisi kubwa.

"Dada Skola! Karibu, karibu. Vua koti utatoka jasho."

"Jasho hilo ni la nani, Erasto?"

Alicheka, kisha akaacha, kwa sababu walikuwa wamekua pamoja, wakigombea ukoko wa sufuria moja, na alimfahamu dada yake akiwa ametulia hivyo.

"Umesoma bamba," alisema.

"Nimelisoma. Miaka kumi na moja nimechelewa kulisoma. Mliandika lini?"

"Wanasheria waliongeza. Sheria inataka ridhaa ya mtoto kwa kiganja. Watoto wanaweka viganja kila asubuhi, kwa hiari, hakuna anayewashika mkono. Nani alijua wewe ungewafundisha vizuri namna ile?"

"Mtoto anamsalimia baba yake, Erasto."

"Najua."

"Anapuliza mikono kwanza."

"Dada, najua. Na mimi huwa nasimama pale dirishani." Akasukuma kiti, akaenda dirishani kweli, akampa mgongo. "Nikuulize. Mama yangu hakufia kisimani. Alikufa kwa homa, kitandani, kama maskini yeyote. Sikuwa na tangi. Unadhani miaka yote ile bwenini nililala kwa joto la nani?"

Skola alilegeza kifungo kimoja cha koti.

"La kwako. La kwako na la wenzako wa kisimani, akina Mahenge. Bajeti ya serikali kwa wasio na fungu ilikuwa haitoshi hata kupasha maji ya kunawa, na sasa ni ndogo zaidi. Nina watoto sitini na wawili pale chini. Nikifunga mafungu ya hawa arobaini na mmoja leo, keshokutwa naanza kuzika. Wewe unaona wizi. Mimi naona kwamba niko hai."

Hapo ndipo Skola aliketi. Hasira alikuja nayo imejaa kikapu, na huyu mtu alikuwa ameiwekea jiwe katikati. Maana ilikuwa kweli. Alimkumbuka Erasto wa miaka sita, meno yakigongana, akivutwa na dada wakubwa katikati ya vitanda vyao.

"Ungeniomba," alisema mwishowe, "ningekupa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ningekupa nusu yote na ningefurahi, na ningekuwa mtu aliyempa ndugu yake joto. Badala yake mlinitoa mlangoni na blanketi, nikawa mtu aliyelipia deni la kufiwa. Na hii ofisi yako? Nayo ni bweni?"

Chaula aliutazama mkono wake mtupu kana kwamba ameuona leo.

"Huku huja wageni," alisema, kwa sauti ya chini.

Akarudi mezani. Akazungumza taratibu, kidugu. Anaweza kulitoa jina la Tusekile kwenye orodha, leo hii, kimyakimya. Joto lake lote lifuate nyumba anayolala. Kikohozi kitakwisha ndani ya wiki. Akifika ishirini na moja atakuwa na tangi la kujivunia. "Ila wengine uwaache, dada. Ukifungua mdomo, wakubwa wangu watauliza kwa nini fundi mgomvi ana kibali cha malezi ya kambo. Mtoto atarudi bwenini. Sitaki hilo. Nimeona anavyokushika mkono."

Skola alisimama, akafunga koti hadi juu.

"Nipe hadi Jumatatu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha, kwa sababu ilikuwa sauti ya mtu anayefikiria kukubali.

Siku tatu alifikiria kukubali. Nisiseme uongo hapa. Kila mtoto alipokohoa, alikubali. Kikohozi kilipotulia, akakataa.

*

Jumamosi mchana waliketi jikoni, miguu yote minne imeelekezwa kwenye kibomba cha nyumba. Skola alikuwa akifumua soksi. Ni soksi za sufu nene, za kijivu, wanazopewa wachimbaji. Jozi hii ilitoka kwenye kabati la kisima cha tisa, pamoja na kikombe na kitana.

"Hizo za baba," alisema Tusekile.

"Za baba. Ukitaka niache, naacha."

Mtoto akafikiri. "Zina tundu. Unatengeneza nini?"

"Bado sijajua kama natengeneza. Inategemea wewe. Tuse, nataka kukwambia jambo la watu wazima, kwa maneno ya kawaida. Nikikuchanganya, nikanyage mguu."

Akamwambia yote. Kwamba ana tangi lenye jina lake. Kwamba baba yake aliacha ahadi ndani yake. Kwamba kila asubuhi akimsalimia baba, bamba linasikia neno jingine, linasikia: chukueni. Kwamba joto lake limelipia kitanda chake na uji wake, na limempasha Bupe, na limempasha pia mtu mwenye shati la mikono mifupi. Kwamba mkuu yuko tayari kumrudishia yeye peke yake, wengine wasiambiwe.

Tusekile alimkanyaga mguu mara moja tu, kwenye neno "marejesho".

"Ni kurudisha," Skola alieleza. "Wanasema unawarudishia gharama."

"Nilichukua nini?"

Uzi ukamponyoka Skola.

"Hukuchukua kitu, mama. Hukuchukua kitu chochote."

Mtoto akavuta magoti hadi kidevuni. "Na Bupe? Wakinirudishia, Bupe atapata baridi?"

"Atapata. Labda."

"Mimi nataka Bupe apate joto." Alisema kwa ukali, kama anagombana na mtu. "Lakini waniombe. Bupe akitaka penseli yangu huwa ananiomba. Hata kama anajua nitampa. Kwa nini wao wasiombe?"

Skola aliinua soksi, akajifuta macho nayo, akakumbuka ni ya nani, akaikunja vizuri akaiweka pajani.

"Bamba linataka ngozi," alisema. "Likiguswa na sufu halisikii kitu. Nikikufumia glavu, utaweza kukataa bila kugombana na mtu."

"Na baba atajua nimekuja?"

Hilo nalo lilihitaji jibu la kweli kutoka kwa Skola.

"Glavu zitakuwa za soksi zake," alisema. "Nadhani atazijua."

Tusekile akaichukua soksi ya pili, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kufumua.

Jioni ile Skola alimpelekea Chaula jibu, mistari miwili tu: asante kwa ofa, na Jumatatu njoo uani mapema. Kisha akapita kwa mafundi wenzake kumi na wawili wa uwanja wa matangi, nyumba moja baada ya nyingine. Mahenge, mtu wa futi sita na vidole kama ndizi, alisikiliza hadi mwisho, akaenda chumbani, akarudi na soksi zake zote. "Kufuma nilifundishwa na nyanya yangu," alisema. "Mtu akicheka namtoa meno." Kazi yake ya kwanza ilitoka na vidole sita. Walicheka, meno yalibaki.

Sharti la Skola lilikuwa moja: mtoto asivishwe glavu bila kuelezwa. Kwa hiyo Jumapili nzima, baada ya ibada, kila fundi aliketi na watoto watatu au wanne wa kisimani, akawaambia ukweli kwa maneno ya kawaida, akakanyagwa mguu. Thelathini na wanane walitaka glavu. Watatu walikataa, wakasema joto lao waendelee kulitoa. Hakuna aliyewashawishi. Walikuwa wameulizwa, basi.

*

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa umeshika paa. Mstari ukapangwa kama kawaida, ila mstari huu ulikuwa wa kijivu mikononi.

Wa kwanza akaweka glavu kwenye bamba. "Shikamoo, baba." Kitaa hakikuwaka. Wa pili. Wa tatu. Bamba, ambalo kwa kawaida halisemi, likaanza kusema kwa sauti yake ya bati: "Ridhaa haijapokelewa. Ridhaa haijapokelewa." Ilipofika ya kumi na tano watoto walikuwa wanaimba nayo, wakipiga makofi yasiyo na sauti, ya sufu.

Bomba kuu likaanza kulia kwa kupoa, tik, tik, tik. Wapishi wakatoka. Chaula akatoka, safari hii na koti.

Tusekile alikuwa mbele ya bamba. Bupe alisimama nyuma yake, mikono kwapani.

"Shikamoo, mkuu," alisema Tusekile.

"Marahaba. Tusekile, unajua wenzako watapata baridi?"

"Ndiyo. Najua. Hujaniomba."

Chaula akachuchumaa hadi macho yao yakalingana, na kwa muda mfupi Skola akamwona tena yule mtoto wa miaka sita kati ya vitanda.

"Siwezi kuomba," alisema polepole. "Nikiomba, maana yake mnaweza kukataa. Bajeti nzima inasimama kwenye kutokuombwa kwenu."

"Basi bajeti ni mbaya," alisema Tusekile. Akavua glavu moja, akampa Bupe. Wakavaa kila mtu mkono mmoja, na ile mikono miwili iliyobaki mitupu wakashikana.

Skola akajongea kwenye bamba. Akavua glavu zake za kazi. Akapuliza viganja.

"Dada, unafanya nini?"

"Linasoma kiganja cha yeyote mwenye joto lake. Nilifunga mimi, nalijua."

"Huo ni mgao wa nyumba yako. Utaganda."

"Nimewahi kuganda, Erasto. Kulikuja mtu?"

Akaweka mikono yote miwili. "Shikamoo, baba," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, kwa sauti ya kusikika. Kitaa kikawaka. RIDHAA IMEPOKELEWA. S. TWEVE. MGAO WA NYUMBA. Bomba likanguruma kidogo, kama mbwa anayeota. Nyuma yake Mahenge alikuwa ameshavua glavu.

Mafundi kumi na watatu waliweka viganja asubuhi ile. Mgao wa nyumba moja hupasha vitanda viwili. Ongeza vitatu vya wale watoto watatu waliotoa kwa kupenda. Vitanda ishirini na tisa vikapata joto lililoombwa na kutolewa, kwa mara ya kwanza tangu Makao yajengwe. Chaula alisimama pale hadi mwisho. Alitoa mkono mfukoni, akautazama, akaurudisha. Akaingia ndani kuandika barua ambayo wakubwa wake walimtaka aiandike: baraza la mji litaketi Ijumaa saa mbili, kuamua kama salamu ya mtoto ni ridhaa, na kama Skolastika Tweve anafaa kuendelea kulea.

Mchana Skola alirudi kwenye nyumba yenye bomba lililokufa. Tusekile alikuwa mlangoni, kikohozi, kamba ya viatu wazi. Joto lake lilikuwa limeanza kuingia kwenye tangi namba ishirini na saba, la siku moja, na kwa sheria lilikuwa na haki ya kuifuata nyumba anayolala. Valvu ya nyumba, pale pembeni ya mlango, ilikuwa mkononi mwa Skola. Hakuifungua.

Alipiga magoti pale kizingitini, kama alivyopiga magoti kwenye barafu siku ile.

"Tusekile Mbilinyi," alisema, "nimetoa joto langu na sina jingine. Naomba nikae kwenye lako. Unaweza kukataa."

Mtoto alimwangalia kwa muda mrefu, akifurahia.

"Umecheka kwa pua," alisema.

"Sijacheka."

"Haya. Karibu, Mama Fundi." Akashika valvu kwa mkono wake wenye glavu, wakaizungusha pamoja.

Hiyo ilikuwa jana. Vitanda thelathini na vitatu vya wasio na fungu bado ni baridi, na vina watoto ndani yake. Baraza ni Ijumaa, na kwenye viti vya wananchi hadi sasa kuna majina kumi na matatu, yote ya mafundi. Wewe je? Nyumbani kwako kuna bomba. Hebu liguse sasa hivi, usimalize kusoma kwanza. Lina moto? Basi unacho cha kutoa. Acha duka la mkate, vuka barabara, ingia uani, ukamwombe mtoto radhi, uvue glavu uweke mikono yako wewe, miwili, mitupu. Na Ijumaa saa mbili uwe umeketi mstari wa mbele, uwatazame usoni hadi wamwachie Tusekile mama yake na kila mtoto tangi lake. Inuka. Koti lako liko nyuma ya mlango.